Nilifunga Baraza kwa Maombi ili Mama Mmoja Asiseme

Maji yalienda wapi?

Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi msimu wote wa mvua. Mtaa mzima ulikuwa madimbwi. Akina mama walivuka na viatu mkononi, pikipiki zikizama mpaka kwenye injini. Lakini kwenye ile ploti ya shule ya nasari, uwanja ulikuwa mkavu. Mvua ilinyesha pale kama ilivyonyesha kwingine. Ilianguka chini, ikapotea.

Nilikuwa nalala nikiyafikiria yale maji huko chini, yakitembea peke yake gizani, yakibeba udongo kidogo kidogo. Na juu yake watoto, kwenye viti vidogo vya rangi, wakiimba.

Nikiri mapema kabla hamjaanza kunitetea. Kosa ni langu! Hakuna aliyenishika mkono wala aliyenipa kitu. Nilijua, nikanyamaza. Mbaya zaidi, nikamnyamazisha mtu aliyekuwa na moyo wa kusema.

Mtanivumilia nikisimulia kwa kuzunguka. Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Ujumbe wa "habari ya asubuhi" naweza kuuandika na kuufuta mpaka asubuhi yenyewe iishe. Mama yangu husema ningezaliwa ng'ombe, ningecheua hadi kamba niliyofungwa nayo.

Nilisomea mipango ya miji. Nikapata kazi Nakuru, kwenye ofisi inayoshughulikia mipango ya mji na maendeleo ya jamii. Nilikuwa mdogo kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani, kuandaa mikutano, na kukumbushwa chai ya wakubwa iko wapi.

Halafu dairekta wetu akahamishwa ghafla. Kiti kikabaki wazi, akatafutwa mtu wa kukaimu.

Sasa sikilizeni hapa. Wakubwa wote walikataa! Mmoja alisema presha imempanda. Mwingine akakumbuka kwamba ana likizo ya tangu zamani. Wa tatu, mzee anayependa cheo kuliko chakula, alisema apewe kijana, "hawa ndio wako na nguvu."

Nikapewa mimi.

Mimi ninayefikiria kila kitu, hilo sikulifikiria! Nilifikiria nitavaa nini. Nilijiuliza kama ni adabu kukalia kiti ambacho bado kina umbo la mgongo wa mtu mwingine. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikiitwa "Madam Dairekta" niitike vipi nisionekane mshamba wala mwenye maringo. Lakini sikujiuliza hata mara moja kwa nini kiti kizuri namna ile kinakimbiwa.

Mama alipopata habari kule Molo, aliacha kuvuna viazi akaenda kanisani kutoa shukrani.

"Mtoto wangu ni dairekta wa jiji," akawaambia watu.

"Mama, ni kukaimu tu," nikamwambia kwa simu.

"Kukaimu ni nini? Si unakaa kwa kiti?"

"Ndiyo."

"Basi."

Mradi wa kwanza mezani ulikuwa wa hiyo nasari. Mtaa wenyewe siutaji, uko pembeni mwa mji. Watoto wadogo wa pale walikuwa wakivuka barabara kuu kwenda shule, ile barabara ya malori yanayopanda kwenda mpakani. Yalikuwa yameshawagonga watoto. Wazazi walilia miaka na mikaka wajengewe chekechea upande wao. Ardhi ya umma iliyobaki upande huo ilikuwa ploti moja tu.

Nikaenda kuiona. Nilipelekwa na dereva wetu, Karis, mtu mnene, mcheshi, anayejua siri za ofisi kuliko ofisi yenyewe.

"Madam, hapa ni pazuri," alisema akizima gari. "Pazuri mpaka nashangaa mbona hapajanyakuliwa."

Alisema kwa mzaha. Sote wawili tukacheka. Lakini maneno hayo yalinikaa rohoni. Katika mji huu, ardhi ya umma iliyokaa miaka yote bila mwizi ina sababu.

Nikaiona sababu. Mstari wa nyasi za nepia, zile za kulishia ng'ombe, za kijani kuliko nyasi nyingine zote, ulikata ile ploti kutoka kona hadi kona, kama kovu. Nilipoukanyaga, mguu wangu ulishuka. Si sana. Ulishuka kama mtu anavyokanyaga godoro. Na ng'ambo ya fensi, ukuta wa choo cha jirani ulikuwa umepasuka kwenye mstari uleule.

Nilisomea haya mambo. Ardhi ya bonde letu ni majivu ya volkano. Maji huchimba kwa chini bila mtu kujua, mpaka siku ambayo juu panakosa pa kusimama. Hata asiyesoma anajua, maana kuna nani bondeni huku ambaye hajawahi kusikia shamba limefunguka?

Nilikuwa bado nimesimama pale aliponijia mama mmoja mwenye gambuti na kitambaa kichwani. Nitamwita Mama Rozi. Mtaani alijulikana kwa mdomo. Kila mkutano lazima apinge kitu. Waliniambia alishawahi kupinga taa za barabarani kwa sababu zingewanyima kuku wake usingizi.

"Wewe ndio dairekta?"

"Nakaimu, mama."

"Uso bado unanuka maziwa!"

Karis akacheka mpaka akashika gari.

"Na wewe unacheka nini? Tumbo kama la mtu amemeza tairi."

Mama Rozi akanigeukia, sasa bila utani.

"Hapo umesimama, msichana wangu, tulijaza. Kulifunguka mtaro ukaenda mpaka kwa choo yangu. Ulimeza mbwa ya jirani na cheni yake. Tulitupa mawe, takataka, magodoro, mpaka mlango ya mtu. Alafu tukapanda nepia juu, isionekane."

"Mbona isionekane?"

"Wewe ungenunua ploti imepasuka?" Aliangalia nyuma, kwenye nyumba za majirani. "Hii mtaa yote inajua. Hakuna atakuambia. Kila mtu ako na kaploti anataka kuuza siku moja."

Nikamuuliza kama angekuwa tayari kuniandikia hayo. Akakataa.

"Hapa kwa fensi ni udaku. Nitasema kwa baraza, mbele ya watu. Neno likisemwa kwa baraza, haliwezi kuzikwa."

Nikamwambia sawa. Nikamshika mkono. Ole wangu!

Nilirudi ofisini nikamwona mkubwa wetu, yule aliye juu ya madairekta wote. Watu humwita Bosi, hata mkewe. Nikaomba udongo uchunguzwe kabla ya kujenga. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Msichana, uchunguzi ni miezi. Mwaka wa fedha ukiisha, mradi unaenda kwingine. Watoto wanagongwa na malori. Unataka niwaambie wazazi tunangoja maabara?"

"Hapana, bosi. Lakini..."

"Tufanye baraza la maoni. Watu wa pale ndio wanajua ardhi yao. Kama wao hawana pingamizi, wewe una pingamizi gani?"

Nilitoka pale nikijiambia kwamba huo ni utaratibu mzuri, watu waulizwe, watu waseme. Nilijiambia hivyo nikijua watu watasema nini, na ni nani peke yake atasema tofauti.

Siku ya baraza walikuja wengi. Hema, viti vya plastiki, soda na mkate vikisubiri pembeni. Bosi alikuja mwenyewe, akakaa kando yangu. Niliendesha mkutano nikiwa na kipaza sauti mkononi, jasho mgongoni. Mzee mmoja alisimama akasifu serikali. Mama mmoja kijana alisimama na mtoto mgongoni akasema maneno yaliyowaliza watu, kwamba kila asubuhi akivuka ile barabara anamshika mwanawe mpaka mtoto analia kwa uchungu wa mkono.

Mkono wa Mama Rozi ulikuwa juu tangu mwanzo.

"Nitakuja kwako, mama," nilisema.

Nikampa mwingine, kisha mwingine. Mkono wake haukushuka. Watu wakaanza kugeuka wakimwangalia, na sura zao zilibadilika. Nimeshawahi kuona nyuso za namna hiyo kwa familia inayoogopa mlevi wao asije akasimama kwenye harusi.

"Ameanza," mtu alisema nyuma.

"Leo ni kuku tena?" mwingine akadakia, wakacheka.

Mama Rozi akasimama bila kuitwa. Bosi akaniinamia sikioni.

"Malizia hapa. Umefanya vizuri sana, usiharibu."

Ngoja niwaeleze kitu ambacho nyote mnakijua. Huku kwetu mkutano huanza kwa maombi na kuisha kwa maombi. Unaweza kumkatiza mwenyekiti. Unaweza kumzomea chifu, hata mheshimiwa. Lakini hakuna anayeongea neno "tuombe" likishasemwa. Na Amina ikishasemwa, mkutano umekufa. Atakayeendelea kuongea hapo anaonekana ni mwendawazimu, au hana dini. Mimi nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nimelelewa nalo.

Nikainua kipaza sauti.

"Kwa sababu ya mvua inayokuja," nikasema, "namwomba Pasta atufungie kwa maombi."

Mvua! Kulikuwa na wingu moja tu, mbali huko.

Pasta wa mtaa, mtu mwema asiyejua lolote, akasimama. Kofia zikavuliwa. Vichwa vikainama. Akaombea nasari, akaombea viongozi, akaniombea mimi kwa cheo changu, hekima kama ya Suleimani. Na mimi, nikiwa nimeinamisha kichwa, nikafungua macho kidogo.

Mama Rozi alikuwa bado amesimama. Mkono ulikuwa umeshuka. Hakufumba macho. Alikuwa ananiangalia mimi tu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayemwona mtoto akicheza karibu na kisima na yeye yuko mbali.

"Amina!" watu wakaitika, wakakimbilia soda.

Tukaandika kwamba hakukuwa na pingamizi. Ilikuwa kweli. Bosi akanipiga bega.

"Msichana, una kipaji. Wenzako wanachukua miaka kujifunza hiyo."

Jamani, nilifurahi! Hapo ndipo aibu yangu yote ilipo. Nilipanda gari nikitabasamu. Karis aliendesha mpaka mjini bila kutania hata neno moja.

Nasari ikajengwa haraka. Madarasa mawili, mabati ya bluu, ukuta umechorwa twiga na herufi. Nilienda kuona msingi ukimwagwa, nikamkuta fundi akijikuna kichwa.

"Madam, hii udongo ina kiu," alisema. "Tunamwaga maji ya kushindilia, inakunywa. Tunamwaga, inakunywa. Haitoshekangi."

"Endeleeni kushindilia," nikamwambia.

Watoto wakaingia. Wazazi wakanipigia simu kunibariki. Kazini nikaanza kusikia kwamba cheo kitafanywa cha kudumu na jina langu limetajwa. Mtaani, Mama Rozi akawa mtu wa kuchekwa. Walisema alitaka kuwanyima watoto shule kwa kuwa wajukuu wake ni wakubwa. Kikundi cha akina mama kikamtoa kwenye uongozi. Nilikutana naye mara moja dukani, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Alichukua sukari yake akaondoka. Kutoitikiwa shikamoo! Nililala nayo wiki nzima.

Kisha mlango wa darasa la pili ukakataa kufunga. Fundi akaitwa, akaupiga randa, ukafunga. Baada ya muda ukakataa tena. Fundi akasema ni mbao mbichi. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Halafu mvua zikaanza.

Alasiri moja, mvua kubwa ikiwa imetoka kukatika, nilipita pale. Mwalimu alinipokea akiwa na furaha tele.

"Madam, mlituchagulia mahali pa baraka! Mtaa wote ni matope, sisi hatuna hata dimbwi. Ona viatu vya watoto."

Nikaangalia vile viatu vidogo, safi, vikavu.

Nikazunguka nyuma ya darasa la pili. Kundi la watoto lilikuwa limechuchumaa karibu na ukuta, wamekaa kimya, jambo ambalo watoto hawafanyi. Kulikuwa na tundu dogo, mkono wa mtoto ungeingia. Mmoja alitumbukiza kizibo cha soda. Wote wakainamisha masikio.

"Mnafanya nini?"

"Tunasikiza ikifika," msichana mdogo akanijibu bila kunitazama.

"Imefika?"

"Haifikangi."

Nikainama. Ilitoka hewa baridi kidogo, yenye harufu ya takataka za zamani. Na kwa mbali, chini kabisa, nilisikia sauti kama ya mzee anayekunywa chai ya moto. Niliwaondoa wale watoto pale kwa sauti kali mpaka wawili wakalia. Mwalimu alinishangaa.

Sikulala tena vizuri baada ya siku hiyo. Maji yalienda wapi? Yalienda pale. Yalikuwa bado yanaenda.

Nilimfuata Bosi nikamweleza kila kitu, tundu, mlango, maji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wakati wa baraza, kuna mtu alipinga?"

"Bosi, unajua..."

"Mimi sijui. Mimi najua ulichoniletea. Uliniletea kwamba watu wote walikubali. Sasa unataka nitoe watoto kwa sababu ya nini? Ndoto zako?" Akashusha sauti, kama baba. "Tulia. Ngoja uthibitishwe kwenye kiti kwanza. Halafu tutaangalia."

Halafu tutaangalia! Na wakati huohuo mvua inanyesha.

Nikaenda kwa Mama Rozi. Nilikuwa na mpango wa kipumbavu, kama ilivyo mipango ya waoga. Nilitaka yeye alalamike rasmi, ili mimi nionekane tu nimeitikia kilio cha mwananchi. Nilimkuta akikata nyasi za ng'ombe. Hakunikaribisha kuketi.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Na kukuomba useme lile neno sasa. Nitakuitia baraza lingine."

Aliendelea kukata.

"Nilikuwa na neno siku ile," akasema. "Lilikuwa hapa kwa koo. Ukaliombea."

"Nilikosa, mama."

"Ulikosa. Sasa niseme tena ili nani anicheke? Wewe utakuwa umekaa kwa kiti, mimi nimesimama." Akaweka panga chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mwenye anajua ni wewe. Hujanyonya maziwa yote hayo uwe bubu."

Kabla sijawaambia nilichofanya, niwaambie kilichonipata, ili msidhani nawasimulia ushujaa.

Naandika haya nikiwa Molo, kwa mama. Kazi sina. Nina kesi ya kuharibu mali ya umma. Asubuhi kuna baridi ya kukata vidole na mimi niko shambani nachimba viazi na digrii yangu. Watu wa kanisani humuuliza mama, "Dairekta amekuja likizo?" Siku hizi mama hukaa benchi la nyuma.

Watoto wa mtaa ule wanavuka tena barabara ya malori. Kila nikisikia kuna ajali upande wa Nakuru, nashika kifua mpaka nisikie ni nani.

Na ardhi? Mpaka leo haijafunguka! Mlango ulipinda zaidi, tundu likawa pana la kuingia ndoo, basi. Wazazi wananitumia ujumbe, "Dairekta, shimo lako liko wapi?" Mungu anisamehe, kuna usiku natamani lifunguke, ili tu nionekane nilikuwa sawa. Halafu nakumbuka nyumba zilizo kwenye mstari uleule, ya Mama Rozi ikiwemo, na najichukia upya.

Mwenzangu uliye kijana, uliyepewa kiti ambacho wakubwa wamekikwepa, uliza kwanza kwa nini. Na siku utakapoongoza mkutano ukaona mkono mmoja uliosimama ambao kila mtu anatamani ushuke, mpe kipaza sauti huyo kabla ya wote. Hata kama ni mtu wa kuku. Ukimnyamazisha, lile jambo analotaka kusema halitanyamaza naye. Litabaki hapo chini likiendelea na kazi yake.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi, wazazi wakileta watoto, nilisimama mlangoni mwa nasari. Karis alikuwa kando yangu.

"Madam, una uhakika?"

"Sina."

"Sawa. Mimi niko kwa gari, injini ikiwaka."

Nikawaambia wazazi wote, kwa sauti. Kwamba darasa liko juu ya ule mtaro uliojazwa. Kwamba nilijua kabla ya jiwe la kwanza. Kwamba Mama Rozi alisimama aseme na nikafunga mkutano makusudi asisikike. Kwamba na wao walijua wakanyamaza kwa sababu ya bei ya ploti zao, lakini mimi ndiye niliyekuwa na cheo.

Pakalipuka.

"Si wewe ndio ulituletea?"

"Amehongwa huyu! Kuna mtu anataka hii ploti!"

Wengine waliondoka na watoto wao bila neno, wakiwa wameinama. Nikajua hao wanakumbuka yule mbwa. Pasta alikuja mbio, nikamwomba atupe ukumbi wa kanisa. Akasema kwa huzuni kwamba utatumika, lakini kanisa nalo liko ng'ambo ya barabara.

Yule mama kijana, aliyewaliza watu siku ya baraza, akanikaribia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Na mtoto wangu akigongwa kesho? Utakuja kuzika?"

Nilimwambia, "Sina jibu, dada," na mpaka leo sina. Akanitemea mate kwenye viatu.

Simu ikaita. Bosi.

"Nimesikia upuuzi. Barua yako inachapwa sasa hivi. Mtu mwingine anakuja kukaimu, na hiyo shule itafunguliwa mchana huu. Ondoka hapo."

Nikaelewa. Nikifunga kwa kufuli, kufuli litavunjwa. Nikibandika ilani, ilani itabanduliwa. Mchana watoto watakuwa wameketi tena juu ya lile tundu, na mimi nitakuwa nimepata amani ya kusema nilijaribu. Na angani, safari hii, mawingu yalikuwa mengi na ya kweli.

Fundi alikuwa amefika na ngazi yake na sanduku la vifaa, kurekebisha mlango kwa mara nyingine. Nikamwendea.

"Fundi, mpaka barua ifike mimi ndiye dairekta. Ezua."

"Niezue nini, madam?"

"Mabati. Yote. Darasa lisilo na paa halifunguliwi mchana."

Alirudi nyuma. "Madam, hii ni mali ya serikali. Nina watoto. Siwezi gusa."

"Basi niazime nyundo."

Akaniangalia, akamwangalia Karis kule kwenye gari, akaitoa. Nikaegemeza ngazi ukutani, juu ya yule twiga. Nikavua viatu vya ofisi. Chini walikuwa wanapiga kelele, wengine wakinitukana, wengine wakinichukua video. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka moja moja kwenye mabati.

Nilipanda, nikachomeka meno ya nyundo chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, nikavuta kwa nguvu zangu zote mpaka ukatoka.